FIMBO JUU YA KIGANJA

Mafunzo ya Redio kwa Watu Wazima: Ufundi na Hesabu
Haya ni maandishi ya mazungumzo. Yasikilizwe kwanza, kisha yasomwe darasani kwa sauti, kila mwanafunzi asome aya moja.

Ninyi mlioketi katika madarasa ya Mbinga mjini, ninyi wa milimani Litembo na Maguu mliotoka katika mashamba ya kahawa, na ninyi wa pwani ya ziwa, wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ambao labda nyavu zenu bado hazijakauka: karibuni nyote katika somo letu la leo.

Juma lililopita tulijifunza jinsi betri inavyotunza umeme wa jua. Leo tutaitumia betri. Tutaona jinsi ya kutengeneza kigari kidogo chenye magurudumu mawili tu, moja kulia na moja kushoto. Hakina gurudumu la mbele wala la nyuma. Hakina mguu wa kuegemea. Hata hivyo husimama wima kama mtu, na huenda mbele na kurudi nyuma kwa amri ya mtu aliyeshika simu mkononi. Mtambo wa namna hii, unaojiongoza wenyewe, huitwa roboti.

Labda mmoja wenu anasema moyoni, "Mwalimu, mambo hayo ni ya watu waliosoma vyuo vikuu. Sisi ndiyo kwanza tunajifunza kuandika majina yetu." Ndugu yangu, ngoja kidogo. Kazi inayofanywa na kigari hiki wewe unaifanya kila siku, na uliianza tangu utotoni bila ya mwalimu.

JARIBIO LA KWANZA

Kila darasa limeambiwa lilete fimbo ya urefu wa mkono mmoja, na kalamu ya risasi. Sasa mtu mmoja asimame. Afungue kiganja, aisimamishe fimbo juu yake, kisha aiachie. Wengine watazame mkono wake, wasitazame fimbo.

(Hapa mwalimu wa darasa awape wanafunzi dakika mbili.)

Haya. Mmeona nini? Mkono haukutulia hata kidogo. Fimbo ilipoinama mbele, mkono ulikwenda mbele. Fimbo ilipoinama kushoto, mkono ulikwenda kushoto. Aliyeukaza mkono wake usitikisike, fimbo yake ilianguka mara moja.

Basi andikeni neno la kwanza la somo letu: Kusimama wima si kutulia. Kusimama wima ni kujirekebisha kila wakati.

Tena tazameni jambo la pili. Ili fimbo isianguke, mkono ulifanya mambo matatu kwa usahihi. Kwanza UPANDE: ulikwenda upande ule ule fimbo inakoangukia, si upande mwingine. Pili KIASI: fimbo ilipoinama kidogo, mkono ulisogea kidogo, ilipoinama sana, ulisogea sana. Tatu WAKATI: mkono haukungoja. Upande, kiasi na wakati. Mkiyakumbuka maneno hayo matatu, mmekwisha kukijua kigari chetu kuliko mnavyodhani.

Sasa jaribuni kuisimamisha ile kalamu ya risasi. Haiwezekani! Kalamu ni fupi, nayo huanguka upesi kuliko jicho na mkono vinavyoweza kuiwahi. Fimbo ndefu huanguka polepole, inakupa nafasi ya kuirekebisha. Kwa hiyo mafundi wengi wa vigari hivi huweka betri, ambayo ni nzito, juu kabisa, ili kianguke polepole.

Lakini hapa watu wa ziwani watanipinga. Watasema, "Mwalimu, katika mtumbwi mzigo mzito huwekwa chini. Ukiweka gunia juu na watu wakisimama, upepo wa mwera ukivuma mmekwisha." Ni kweli kabisa, wala hatupingani. Mtumbwi hauna wa kuurekebisha mara mia mbili kwa sekunde, kwa hiyo usalama wake ni uzito kukaa chini na watu kukaa wametulia. Mwaka 1946, mwezi wa Julai, meli ya Viphya ilipinduka katika dhoruba katika ziwa letu hili, upande wa magharibi, na watu zaidi ya 140 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Viktoria karibu na kisiwa cha Ukara, kilipinduka kivuko cha MV Nyerere. Kilikuwa kimetengenezwa kubeba watu 101, nacho kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Watu zaidi ya 220 walikufa. Chombo kikiinama kupita kiasi, hakuna mkono wa kukirudisha. Mambo ya usawa si mchezo, hata kama kigari chetu kinafanana na kitu cha kuchezea watoto.

VITU VINAVYOTAKIWA

Mwaka 2001 kampuni moja ya Marekani ilitangaza gari la magurudumu mawili la kupanda mtu mmoja amesimama, likaitwa Segway. Dunia ilistaajabu. Bei yake ilikuwa kubwa, na mwaka 2020 liliacha kutengenezwa. Lakini maarifa yake hayakufa. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wa chuo walitengeneza kibao kidogo cha kompyuta cha bei nafuu, ili hata mtu asiye mhandisi aweze kuamrisha mitambo. Wakakiita Arduino, jina la baa moja ya mji huo walikozoea kukutana. Walitoa michoro yake wazi kwa watu wote, kwa hiyo leo vibao vya namna hiyo hutengenezwa katika nchi nyingi, na fundi wa nyumbani anaweza kukipata kimoja.

Andikeni vitu hivi katika daftari:

1. Kibao kimoja cha Arduino Uno. Hiki ndicho akili ya kigari.
2. Kihisi kimoja kiitwacho MPU-6050. Ni kidogo kuliko kiberiti. Hiki ndicho sikio la ndani, linalojua kama kigari kimeinama.
3. Mota mbili zenye gia, na magurudumu yake mawili. Gia zisiwe zinacheza sana.
4. Kibao cha kuendeshea mota, kwa mfano L298N. Akili haina nguvu ya kusukuma mota. Huyu ndiye mnyapara anayepokea amri ndogo na kutoa umeme mwingi.
5. Kibao cha Bluetooth kiitwacho HC-05, cha kupokea amri za simu kutoka umbali wa mita kama 10.
6. Betri mbili za lithiamu za volti 3.7, kikalio chake, na swichi.
7. Vipande vitatu vya plaiwudi, vyuma virefu vinne vyenye nati, na nyaya.

Betri hizi mbili zikifungwa kwa mfuatano, volti zake hujumlishwa. Fanyeni hesabu: 3.7 jumlisha 3.7 ni ngapi? Ni 7.4. Zikijazwa kabisa kila moja hufika volti 4.2. Je, jumla yake? Ni 8.4.

Hapa nawaonya. Betri ya lithiamu haifanani na betri ya tochi. Ukigusanisha ncha ya kujumlisha na ncha ya kutoa kwa waya, hupata moto na huweza kuwaka. Usiitoboe, usiipige nyundo, wala usiiweke mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Iliyovimba isitumike. Ijaze kwa chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, nawe uwepo hapo, usilale. Kila betri ina alama mbili ambazo mmekwisha kuzijua darasani: + na −. Mtu asiyezisoma asiziguse kwanza.

JINSI YA KUUNGA

Toboa vipande vya plaiwudi katika pembe zake nne, uvipange kama ghorofa tatu, ukaze kwa nati. Mota zifungwe chini ya ghorofa ya kwanza, zitazamane sawasawa. Kihisi kikazwe imara katika ghorofa hiyo hiyo, karibu na mhimili wa magurudumu, ambako mtikisiko ni mdogo. Kikilegea hata kidogo, kigari kitadanganywa. Vibao vya akili, mnyapara na Bluetooth vikae katikati. Betri ikae juu.

Kisha nyaya. Kihisi kina waya mbili za kusemea. Ile yenye herufi SDA huingia katika tundu A4 la kibao cha Arduino, na yenye herufi SCL huingia A5. Nyaya za kutoa umeme, zile zenye alama ya kutoa, za vibao vyote ziungane pamoja. Hili husahauliwa sana, na ukilisahau vibao havitaelewana.

Ukimaliza kuunga, hapana budi upate kompyuta kwa muda mfupi. Hapo ndipo maagizo huandikwa, kisha hupitishwa kwa waya mpaka ndani ya kibao. Programu ya kuandikia hupatikana bure. Maagizo yakikwisha kuingia, kompyuta haihitajiki tena. Kibao huyakumbuka hata umeme ukizimwa.

MASHAHIDI WAWILI

Je, kigari hujuaje kwamba kimeinama? Ndani ya kile kihisi kidogo mna vihisi vya namna mbili, nami nitawafananisha na mashahidi wawili mbele ya baraza.

Shahidi wa kwanza hupima kasi ya kugeuka. Husema, "Sasa kinageuka kuelekea mbele, upesi kiasi hiki." Ni mwepesi, wala mtikisiko haumbabaishi. Lakini ana ila moja: makosa yake madogo hujikusanya. Ukimtegemea yeye peke yake kwa dakika chache, atakuambia kigari kimeinama na kumbe kimesimama.

Shahidi wa pili huhisi mvuto wa dunia, hujua chini ni wapi. Hasahau kamwe. Lakini hushtuka. Mota zikitikisa, yeye hupiga kelele na kusema maneno yasiyo ya kweli kwa muda mfupi.

Baraza lenye busara lafanyaje? Halimfukuzi hata mmoja. Kila mara humsikiliza yule mwepesi kwa sehemu 98 katika 100, na yule asiyesahau kwa sehemu 2. Hizo sehemu mbili hutosha kumrudisha yule wa kwanza njiani anapoanza kupotea.

Tufanye hesabu. Wa kwanza asema kigari kimeinama digrii 4. Wa pili, aliyeshtuka, asema digrii 9. Zidisha 98 kwa 4, upate 392. Zidisha 2 kwa 9, upate 18. Jumla ni 410. Gawanya kwa 100. Jibu ni digrii 4.1. Mwaona? Yule aliyeshtuka hakuharibu hukumu, lakini neno lake limesikika. Kigari hufanya hesabu hii kiasi cha mara 200 katika sekunde moja.

LEO, JANA NA KESHO

Kigari kikijua kimeinama digrii ngapi, lazima kiamue mota zisukume kwa nguvu gani. Mafundi hukipa namba tatu za kuamulia. Mimi naziita namba ya leo, namba ya jana na namba ya kesho.

Namba ya leo hutazama kosa lililopo sasa. Tuseme namba yetu ni 20. Kigari kikiinama digrii 2, nguvu ya mota ni 2 mara 20, yaani 40. Kikiinama digrii 5, nguvu ni 100. Kosa dogo, nguvu ndogo. Kosa kubwa, nguvu kubwa.

Namba ya kesho hutazama kosa linakokwenda. Je, kigari kinaanguka upesi? Basi ongeza nguvu kabla hakijafika mbali. Je, kinarudi wima upesi mno? Basi punguza, kisije kikapitiliza upande wa pili. Namba hii hufanya kazi ya breki.

Namba ya jana hutazama makosa yaliyojikusanya. Betri ikikaa kidogo upande wa mbele, kigari kitaegemea mbele siku zote, kila mara kidogo tu. Namba ya jana huhesabu hayo madogo yanayojirudia na kuyalipia.

Ukitaka kuzipata namba hizi, anza na mbili za mwisho zikiwa sifuri. Ongeza namba ya leo polepole mpaka kigari kisimame lakini kikitetemeka kama mtu mwenye homa. Ipunguze kidogo. Kisha ongeza namba ya kesho mpaka mtetemeko utulie. Mwisho ongeza namba ya jana kidogo kidogo, mpaka kiache kujiendea chenyewe upande mmoja. Andika kila namba uliyojaribu na jambo lililotokea. Asiyeandika atazunguka palepale siku nzima.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo kiini cha somo. Nguvu ya mota katika kibao hiki hupimwa kutoka 0 mpaka 255. Zaidi ya 255 hakuna. Kigari kikiinama digrii 12, nguvu inayotakiwa ni 12 mara 20, yaani 240. Mota zaiweza. Kikiinama digrii 13? Ni 260. Mota zinatoa zote 255, na bado hazitoshi. Kosa likiachwa likue, yafika mahali ambapo hata nguvu zote ulizo nazo haziwezi kulirudisha. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

DADA YANGU NA NDOO YA MAJI

Nataka kuwasimulia jambo lililotokea kwetu. Dada yangu anakaa Mbamba Bay, hununua dagaa kwa wavuvi, huwaanika na kuwauza. Mwanawe alimaliza shule ya msingi, akakaa nyumbani miaka miwili. Alikuwa na sanduku la redio mbovu, simu zilizopasuka na mota za vitu vya kuchezea. Mama yake hakulipenda sanduku lile. Kila siku alisema, "Takataka hizi nitazitupa ziwani, nawe uje uanike dagaa."

Nilipokwenda likizo nilimchukulia yule kijana kibao cha Arduino na kihisi. Tukaunga kigari juu ya meza, jioni, baada ya kazi. Tulipowasha, kikaanguka. Tukabadili namba, kikaanguka. Siku ya pili tulibadili namba zote tatu, mara ishirini na zaidi. Kila mara kilikimbia kikajibwaga. Kijana akaanza kukata tamaa. Akaniambia, "Mjomba, labda mama alisema kweli."

Wakati huo dada aliingia, ametoka kuchota maji, ndoo i kichwani wala hakuishika. Akasimama mlangoni akatutazama tukijaribu mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akasema, "Kaka, nina neno, ingawa mimi sikusoma."

Nikamwambia, "Sema, dada."

Akasema, "Ndoo hii ikitaka kuangukia mbele, mimi naifuata mbele, naingia chini yake. Hicho kitu chenu kinaangukia mbele, nacho kinakimbilia nyuma. Kinajikimbia chenyewe. Hata mkikipa nguvu za ng'ombe kitaanguka tu."

Tukatazamana. Siku mbili tulikuwa tukihangaika na kiasi, na kumbe kosa lilikuwa la upande! Nyaya za mota zote mbili tulikuwa tumezigeuza, ya kujumlisha mahali pa kutoa. Kila tulipoongeza nguvu, tuliongeza kosa. Kijana akachukua bisibisi, akazibadili nyaya. Akawasha. Kigari kikatetemeka, kikayumba, kikasimama.

Dada akatua ndoo. Akainama akaitazama betri, akaweka kidole chake juu ya alama. Wakati ule alikuwa mwanafunzi wa kisomo, mwezi wake wa tatu. Akaniuliza, "Hii ni ya kujumlisha?" Nikajibu, "Naam." Akasema, "Hii ya darasani kwetu?" Nikajibu, "Ndiyo hiyo hiyo." Hakusema tena habari ya kutupa sanduku. Leo kijana ana meza yake ya kutengeneza simu na redio, na mama yake huandika mwenyewe daftari la dagaa.

KUKIAMRISHA KWA MBALI

Kigari kikikwisha kusimama, ni rahisi kukiendesha. Simu hutuma herufi moja kwa Bluetooth: herufi moja ya mbele, nyingine ya nyuma, nyingine za kulia na kushoto. Lakini jihadharini. Ukiamrisha mota zisukume mbele kwa ghafla, kigari kitaanguka chali. Hakiamrishwi hivyo. Unakiambia tu, "Wima yako sasa si sifuri, ni digrii 2 mbele." Basi magurudumu hurudi nyuma kidogo, kigari huinama mbele, kisha hukimbia mbele kujiwahi. Hata mtu anapotembea huinama kwanza, kisha mguu humwahi. Kwa kugeuka, gurudumu moja huongezewa nguvu na jingine hupunguziwa.

YAFAA NINI?

Mtu atauliza, "Kigari hakibebi gunia la kahawa kutoka Maguu. Chafaa nini?" Swali ni zuri.

Mashahidi wale wawili, na hesabu ile ya kurekebisha, ndivyo vinavyosimamisha ndege ndogo zisizo na rubani angani. Ng'ambo ya ziwa letu, katika wilaya ya Kasungu nchini Malawi, serikali ya nchi hiyo na shirika la UNICEF walifungua mwezi wa Juni 2017 eneo la anga la kuzijaribia ndege hizo kwa kazi za msaada. Mwezi wa Januari 2020 ukafunguliwa mjini Lilongwe mfunzo wa vijana wa Afrika kuzitengeneza na kuzirusha. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2018, ndege ya namna hiyo ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya maji, kwa muda wa dakika 40 hivi. Ninyi mnaokaa mbali na hospitali, ambako mama mzazi hungoja dawa na ziwa limechafuka, mnajua maana ya dakika 40.

Wilaya hiyo hiyo ya Kasungu ndiyo kwao William Kamkwamba. Katika njaa ya mwaka 2001 na 2002 aliacha shule kwa kukosa ada, naye alikuwa na umri wa miaka 14. Akaenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta kitabu cha nishati. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini alifuata picha na kusoma maneno yaliyokuwa chini yake. Kwa baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Majirani walimwona mwenda wazimu, mpaka taa ilipowaka.

Basi mzazi, ukiona mwanao, wa kike au wa kiume, amefungua redio mbovu, usimkemee kwanza. Muulize, "Unatafuta nini?" Mwonye juu ya betri na umeme wa nyumba, kisha mpe mahali pa kuweka sanduku lake.

Nawe mwanafunzi, ukikosea herufi leo, futa, uandike tena leo. Usingoje juma lijalo. Aliyeandika kwa usahihi alikosea kama wewe, ila alijirekebisha upesi, akiwa bado katika digrii mbili.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya pampu ya maji. Kwaherini, nawatakia usiku mwema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mkono wa aliyeshika fimbo haukutulia?
2. Taja mambo matatu ambayo mkono hauna budi kuyafanya kwa usahihi.
3. Kwa nini betri huwekwa juu katika kigari, na mzigo huwekwa chini katika mtumbwi?
4. Dada aliona kosa gani? Alilijuaje?
5. Je, kuna kazi yako ya kila siku ambayo ndani yake unajirekebisha kila mara bila kufikiri? Waeleze wenzako.

HESABU

1. Namba ya leo ni 20. Kigari kimeinama digrii 3. Nguvu ya mota ni ngapi?
2. Namba ya leo ikiwa 30, na nguvu haiwezi kupita 255, je, kigari kilichoinama digrii 8 chaweza kurudi? Na cha digrii 9?
3. Shahidi wa kwanza asema digrii 2, wa pili asema digrii 7. Baraza litaamua digrii ngapi?

MANENO YA KUANDIKA MARA TATU

kihisi – chombo kinachohisi jambo na kutoa habari zake
mhimili – chuma au mti ambao gurudumu huzungukia
digrii – kipimo cha kuinama au kugeuka
kurekebisha – kurudisha kitu katika hali yake ya sawa